Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari: Kuiandika Tana River katika Kamusi Elezo ya Wikipedia

Haya ni maneno ya mhariri wa kujitolea wa Wikipedia ya Kiswahili, mzaliwa wa Tana Delta, alipozungumza na vijana, walimu na wazee mjini Garsen. Tunayachapisha kwa manufaa ya wakazi wote wa kaunti.

  

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu wa Gasa na wa Matadeda, walimu, kina mama, vijana wenzangu, naomba itifaki izingatiwe ili niingie kwenye lililonileta.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ninayoifanya usiku, baada ya shughuli za mchana, na ambayo silipwi hata shilingi. Naandika na kusahihisha makala katika Wikipedia, kamusi elezo ya bure iliyoko kwenye intaneti. Siku moja mke wangu alinikuta saa sita usiku nimeinamia simu, nikihesabu wadi za jimbo la Garsen. Akaniuliza, "Hawa watu wanakulipa nini?" Nikamwambia hawanilipi. Akasema, "Na bando unanunua wewe?" Nikasema ndiyo. Alinitazama, akaenda kulala. Leo nataka kulijibu swali lake vizuri kuliko nilivyolijibu usiku ule.

Nilivyoanza

Mwanangu alipewa kazi ya shule: aandike ukurasa mmoja kuhusu mahali anapoishi. Tukachukua simu tukatafuta. Picha zilizokuja kwanza zilikuwa za mafuriko, paa za nyumba zimechomoza juu ya maji. Zilizofuata zilikuwa za nyumba zilizochomwa moto. Tukaendelea kushuka chini, ikawa ni hayo hayo, mara maji, mara moto. Mtoto akaniuliza, "Baba, kwani huku kwetu hakuna kitu kingine?"

Nilimwambia vipo vingi. Akaniuliza viko wapi. Hapo nikakwama, kwa sababu vilikuwa kichwani mwangu, na kichwani mwa mama yangu, na kwa wazee waliokaa chini ya mwembe. Mwalimu wake hangeweza kuvisoma huko.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumezoea kuisema methali hiyo dukani, kwa mambo ya mkopo na deni. Siku ile niliona kwamba hata historia ya watu ni mali, na daftari la dunia ya leo ni hili ambalo kila mwenye simu analifungua anapotaka kujua jambo.

Kamusi elezo hii ni kitu gani

Wikipedia ilianzishwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger. Wazo lao lilikuwa jepesi kulieleza: ensaiklopidia ambayo mtu yeyote anaweza kuisoma bure, na mtu yeyote anaweza kuiandika. Haina matangazo ya biashara. Inaendeshwa na shirika lisilo la faida, Wikimedia Foundation, lakini shirika hilo haliandiki makala. Makala huandikwa na watu wa kujitolea kama mimi na wewe. Leo iko katika lugha zaidi ya 300. Ya Kiingereza pekee ina makala zaidi ya milioni 6.

Ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Miongoni mwa waliotangulia ni Mtanzania Ndesanjo Macha, ambaye pia alikuwa wa mwanzo kuandika blogu kwa Kiswahili. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, kampuni ya Google iliandaa shindano la wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania kuandika makala za Kiswahili. Makala ziliongezeka kwa mamia. Lakini shindano likiisha, washindani hurudi nyumbani, na wanaobaki kupalilia shamba ni wachache. Ndiyo maana bado tuna upungufu, ingawa lugha hii inazungumzwa kutoka hapa hadi Kongo mashariki.

Mtu akiniuliza wanaoandika wanazuiwaje kuandika uongo, namwonyesha vitu viwili. Cha kwanza ni historia ya makala. Kila badiliko linahifadhiwa: nani aliandika, lini, alifuta nini, aliongeza nini. Ukiharibu, mwingine anarudisha ilivyokuwa kwa kubonyeza mara moja. Cha pili ni ukurasa wa majadiliano ulioambatana na kila makala. Hapo watu wasiokubaliana hukaa kama kwenye baraza la chifu, kila mmoja akaleta ushahidi wake.

Na kanuni kubwa ni tatu. Usiandike jambo ambalo halina chanzo kilichochapishwa ambacho msomaji anaweza kukihakiki. Usiandike utafiti au maoni yako mwenyewe. Usiegemee upande. Ukizishika hizo tatu, mengine utajifunza njiani.

Mbegu

Katika Wikipedia ya Kiswahili, makala fupi ambayo haijakua inaitwa mbegu. Ukifika mwisho wake unakuta maneno yanayokualika uiongezee habari kama unajua zaidi. Sisi watu wa mto huu neno hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Mkulima wa Ngao au wa Wema anajua kwamba mbegu iliyotupwa ardhini bila mtu wa kuiangalia huliwa na ndege.

Nilipoanza, nilikuta makala nyingi za maeneo yetu ni mbegu: mistari miwili au mitatu, jina la mahali, na kwamba pako Kenya. Nikaanza na vitu vidogo. Nilipanga majina ya wadi sita za jimbo la Garsen: Kipini Mashariki, Kipini Magharibi, Garsen Kusini, Garsen Kati, Garsen Magharibi na Garsen Kaskazini. Nikaeleza kwamba Garsen ni mji, lakini pia ni jina la jimbo la uchaguzi, na kwamba eneo hilo la jimbo kiutawala linaitwa Tana Delta. Kwetu hilo linajulikana. Kwa mtu wa mbali anayesoma kwamba mafuriko yamepiga Tana Delta, halafu akasikia kwamba msaada umefika Garsen, si rahisi kujua kama ni pamoja au ni mbalimbali.

Kisha nikaendelea na yale ambayo mwanangu aliyakosa. Nikaandika kwamba misitu ya kando ya Tana ya chini ndiyo makao pekee duniani ya aina mbili za nyani wadogo: mbega mwekundu wa Tana na mangabe wa Tana. Ukienda Marekani huwapati, ukienda Kongo huwapati, isipokuwa huku. Hifadhi yao ilianzishwa mwaka 1976. Nikaandika kuhusu magofu ya Ungwana, karibu na mdomo wa mto, ambayo mtaalamu wa mambo ya kale James Kirkman, yule aliyechimbua Gedi, aliyachimbua pia na kuyatungia kitabu kilichotoka mwaka 1966. Nikaandika kuhusu Wamishonari wa Kijerumani waliofika Ngao mwaka 1887. Nikaandika kwamba masimulizi ya pwani yanaliweka kaburi la Fumo Liongo huku kwetu, upande wa Ozi na Kipini.

Na nikaandika kuhusu wimbo wa taifa. Wanafunzi wetu husimama gwaride kila wiki wakauimba, na wengi hawajui kwamba lahani yake imetoka kwenye wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea watoto. Mwaka 1963 kamati ya watu watano ndiyo iliyoutengeneza, na mmoja wao alikuwa Thomas Kalume, mtu wa pwani. Vyombo vya habari vimemtaja Mzee Meza Galana kuwa ndiye aliyewapa lahani hiyo. Angalieni nilivyosema: "vyombo vya habari vimemtaja." Maneno hayo manne si ya kujihami. Yanamwambia msomaji habari imetoka wapi ili akitaka aende akaangalie mwenyewe.

Siku niliyomaliza kipande hicho nilimwita mwanangu akasome. Alisoma mpaka mwisho, akainua macho, akauliza, "Hii ni ya kwetu?" Nikamwambia ni ya kwetu.

Namba zisizokubaliana

Watu hudhani namba ndizo rahisi. Nami nilidhani hivyo, mpaka nilipotaka kuandika ukubwa wa kaunti yetu.

Nilikuta chanzo kimoja kinasema kilomita za mraba 38,437. Kingine kinasema 35,375.8. Tofauti ni zaidi ya kilomita za mraba 3,000, na hiyo ni ardhi kubwa yenye watu na mifugo. Nilichagua ile iliyonipendeza, yaani iliyo kubwa, nikaiandika peke yake. Baada ya siku chache mhariri mwingine akaiondoa, akaniuliza kwenye ukurasa wa majadiliano: "Kwa nini hii na si ile?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimechagua kwa mapenzi ya kwetu, si kwa ushahidi. Tangu hapo, vyanzo vikitofautiana, naziandika namba zote mbili na kutaja kila moja imetoka wapi.

Hata urefu wa mto wenyewe ni hivyo hivyo. Wengi hutaja kilomita 1,000 hivi, na vitabu vingine vina kipimo kifupi zaidi, karibu kilomita 700. Mto wenyewe hubadilisha njia. Mzee hapa anajua mahali ambapo maji yalipita alipokuwa mtoto, na leo ni shamba la miembe.

Idadi ya watu ni nafuu kidogo, kwa sababu kuna sensa. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 240,075 katika kaunti hii. Ile ya 2019 ilihesabu 315,943. Lakini ukiandika idadi bila mwaka, umeandika uongo wa kesho. Mtoto atakayesoma miaka ishirini ijayo atadhani ndiyo hali ya siku yake. Kwa hiyo weka mwaka daima.

Pengine mtu atasema haya ni mambo madogo. Lakini mwandishi wa gazeti akiwa na haraka, mwanafunzi wa chuo, afisa wa shirika la misaada aliyetumwa huku mara ya kwanza, wote huanzia hapo. Na siku hizi zipo programu za kompyuta zinazojibu maswali ya watu, nazo hujifunza kwa kusoma kamusi hii. Kosa moja likikaa hapo hunakiliwa mara elfu, na kulifuata lote ukalifuta ni kama kukusanya maji yaliyokwisha kumwagika.

Penye kidonda

Sasa nataka kusema jambo gumu, na naomba wazee wanivumilie.

Kuna makala nilizoahirisha kwa muda mrefu, zile za mapigano ya mwaka 2012 na 2013. Kwa Kiingereza yalikuwa yameshaandikwa, na watu wa mbali waliyasoma. Kwa Kiswahili, lugha ambayo waliopoteza watu wao wanaisoma, nilikuta hakuna kitu cha maana. Nikasema nitaandika.

Nikaandika usiku mmoja, kwa hasira. Nilikuwa na ndugu waliokimbia. Niliandika upande mmoja kama wanadamu na upande mwingine kama kundi. Wa kwetu "waliuawa." Wao "walikufa." Wa kwetu walikuwa "wanavijiji." Wao walikuwa "wavamizi." Sikuongopa hata tarehe moja. Kila nilichoandika kilikuwa na chanzo. Hata hivyo, nikiisoma leo, makala ile haikuwa kweli.

Asubuhi nikakuta mtu amebadilisha. Nami nikarudisha yangu. Akabadilisha tena. Tulifanya hivyo mara kadhaa, kama watu wawili wanaovutana kwa kamba. Mwishowe akaniandikia kwenye ukurasa wa majadiliano, kwa heshima: "Ndugu yangu, wewe unatoka wapi?" Nikamtajia. Akajibu, "Mimi natoka ng'ambo. Mama yangu mdogo alifariki siku ile." Tulikuwa hatujuani, na kati ya nyumba yake na yangu ni safari fupi tu ya bodaboda na mtumbwi.

Tukakubaliana kuanza upya, sentensi moja baada ya nyingine, na kila sentensi ipite kwetu wote wawili. Tuliweka tarehe na mahali: Riketa, tarehe 22 Agosti 2012. Chamwanamuma, tarehe 7 Septemba. Kilelengwani, tarehe 10 Septemba. Kipao, tarehe 21 Desemba. Tulieleza kwamba siku ya kwanza vyombo vya habari vilitaja watu 48 waliouawa Riketa, na baadaye 52. Tulieleza kwamba kwa jumla zaidi ya watu 100 waliuawa, na kwamba serikali iliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Grace Nzioka. Tulieleza ugomvi wa malisho, mashamba na malka, zile njia ambazo mifugo huteremkia mtoni kunywa maji. Kila aliyekufa tulimpa neno moja: aliuawa. Kila kijiji tulikiita kijiji.

Katika kuzipanga tarehe hizo tuligundua jambo lililotunyamazisha wote wawili. Tarehe 7 Septemba 2012, siku ambayo Chamwanamuma ilishambuliwa, ndiyo tarehe ambayo delta ya Mto Tana iliandikwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, hekta 163,600. Siku moja. Dunia iliandika kwamba mahali hapa ni hazina, na sisi siku hiyo tulikuwa tunazika. Ukiandika la kwanza ukaacha la pili, umepaka rangi ukuta wenye ufa. Ukiandika la pili ukaacha la kwanza, umewaambia watoto kwamba wamezaliwa mahali pabaya. Yote mawili yalitokea, na kamusi lazima iwe na yote mawili.

Tangu siku hizo nina kipimo changu ambacho hakimo kwenye kanuni za Wikipedia, lakini nakitumia kuliko kanuni zote. Kabla sijabonyeza kuhifadhi, najiuliza: jirani yangu wa ng'ambo ya mto akisoma hii, atasema nimemsingizia? Si kwamba lazima aipende. Lakini aweze kusema, "Ndivyo ilivyokuwa." Nikiona hatasema hivyo, nafuta, naanza tena.

Na msidhani tatizo hili ni letu peke yetu. Hapa juu kwetu, Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 wa vita vya Mau Mau walipigwa na walinzi mpaka wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Ilikuwa taarifa rasmi, yenye muhuri. Uchunguzi ndio uliotoa ukweli, na jambo hilo likatikisa bunge la Uingereza. Kwa hiyo, nikisema andika kwa chanzo, sisemi amini kila karatasi yenye muhuri. Nasema weka karatasi zote mezani, msomaji azione.

Yaliyo midomoni mwa wazee

Hapa mzee mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: "Mnataka kitabu. Sisi hatuna vitabu. Basi yetu hayaandikiki?"

Ni swali la haki. Mengi ya delta hayajachapishwa. Majina ya malka, mipaka ya zamani ya mashamba, jinsi Gasa ilivyokuwa ikiamua kesi, jinsi Waorma wanavyosoma mvua, majina ya samaki, majina ya mafuriko makubwa, habari za Wata, Wamunyoyaya na Wamalakote, ambazo mara nyingi huachwa kabisa watu wanapotaja makabila ya kaunti hii. Mimi siwezi kuchukua simulizi la mzee nikalipeleka moja kwa moja kwenye kamusi. Litaondolewa, kwa sababu msomaji wa mbali hawezi kulihakiki.

Lakini tunaweza kujenga daraja. Hatua ya kwanza ni kurekodi. Simu mnazo. Kaa na mzee, mwombe ruhusa, mwambie rekodi itakwenda wapi, kisha umwache aseme. Usimkatize kumsahihisha. Hatua ya pili ni kuandika ulichorekodi, neno kwa neno, pamoja na tarehe na mahali. Hatua ya tatu ni kuchapisha: jarida la shule, kitabu kidogo cha kanisa au msikiti, tasnifu ya mwanafunzi wa chuo, na jarida kama hili la kaunti. Jambo likishachapishwa na kuhifadhiwa mahali watu wanapoweza kulisoma, mhariri ana mahali pa kuelekeza kidole.

Na simulizi moja lisitoshe. Kwa jambo lolote linalohusu mto, msikilize mkulima na msikilize mfugaji. Kama hawakubaliani, hiyo nayo ni habari. Iandike.

Wazee wetu, nawaomba msiseme "njoo kesho." Kila msiba wa mzee huku kwetu unaondoka na maktaba nzima, na kijana aliyekuwa akiahidi kuja kurekodi hujikuta amekuja kuchimba kaburi.

Mambo ya kuangalia

Kwa vijana mlioniambia mnataka kuanza, nina maonyo machache, mengi nimeyapata kwa kukosea.

Usinakili. Mara moja nilichukua aya nzima kutoka kwenye kitabu, nikaibandika, nikajiona nimefanya kazi kubwa. Ikafutwa siku hiyo hiyo. Habari ni ya wote, lakini maneno ya mwandishi ni mali yake. Soma, funga kitabu, andika kwa maneno yako, kisha utaje kitabu.

Usiandike habari za watu binafsi. Jina la jirani yako, namba yake ya simu, kesi ya nyumbani kwake, hayo si ya kamusi. Kuhusu walio hai, hata viongozi, kuwa mwangalifu maradufu. Katiba yetu ya 2010, ibara ya 35, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, lakini ibara hiyo hiyo inampa mtu haki ya kutaka habari za uongo zinazomhusu zisahihishwe au zifutwe.

Usijisifu wala usimsifu unayemfanyia kazi. Ukiajiriwa na kiongozi umwandikie makala nzuri, kanuni inakutaka utangaze wazi kwamba unalipwa. Waheshimiwa mtanisamehe, lakini makala kuhusu kiongozi haiwi bango la kampeni. Barabara ikijengwa, itaandikwa kwamba imejengwa. Ikikwama, itaandikwa kwamba imekwama.

Piga picha yako mwenyewe. Mito, madaraja, maembe sokoni, mashua za Kipini. Picha uliyopiga wewe unaweza kuitoa kwa kamusi bila kugombana na mtu. Lakini usipige watu wakiwa kwenye msiba au kwenye kambi ya mafuriko ukawapeleka duniani bila idhini yao. Siku ile mwanangu aliona picha za namna hiyo nyingi, zinatosha.

Na anza na kidogo. Usianze na historia ya kaunti nzima. Sahihisha tahajia ya jina la kijiji chako. Ongeza mwaka penye idadi isiyo na mwaka. Haba na haba hujaza kibaba.

Ombi langu

Nimalizie na maombi matatu.

Kwa walimu: mkitoa kazi ya kuandika kuhusu mahali tunapoishi, msiwaambie wanafunzi wanakili kutoka kwenye intaneti. Waambieni waende kwa bibi na babu, warudi na jambo moja ambalo halimo kwenye simu, na waeleze nani aliwaambia. Hapo mtakuwa mmewafundisha Kiswahili, historia na uaminifu kwa pamoja.

Kwa serikali ya kaunti: nyaraka zenu ndizo vyanzo vyetu. Mipango ya maendeleo, orodha za vijiji, ramani za wadi, takwimu za afya na elimu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inasema hivyo ni vya wananchi. Viwekeni mahali vinaposomeka, na kwa Kiswahili pia, viwe na tarehe. Mhariri wa kujitolea hawezi kusafiri hadi Hola kila anapotaka namba moja.

Kwa vijana wa pande zote za mto: msiandike peke yenu. Tafuta mwenzako wa jamii nyingine, muandike wawili. Yule ndugu yangu wa ng'ambo na mimi bado tunafanya hivyo. Mimi nikiandika kuhusu mashamba, yeye hupitia. Yeye akiandika kuhusu malisho, mimi hupitia. Hatujawahi kukubaliana juu ya kila kitu, na kuna sentensi moja kuhusu malka ambayo imekaa kwenye ukurasa wa majadiliano kwa miezi tukiitafutia chanzo. Tunaiacha hapo mpaka tukipate.

Basi mke wangu, ambaye amekaa pale nyuma, jibu langu ni hili. Silipwi. Bando ni langu, na wewe unajua linavyokula pesa ya nyumba. Lakini mtoto mwingine wa Garsen au wa Kipini akipewa kazi ile ya shule na kufungua simu, nataka akute mafuriko yapo, na mapigano yapo, kwa sababu yalitokea. Pia akute mbega wekundu, na Ungwana, na wimbo wa bibi uliogeuka wimbo wa taifa. Na akute vyote vimeandikwa hivi kwamba rafiki yake wa ng'ambo akivisoma hatakasirika.

Yeyote anayetaka kuonyeshwa jinsi ya kuanza, nitakuwa hapa chini ya mti mpaka jua lipungue. Njoo na simu yako, na njoo na jina la kijiji chako, tuangalie pamoja kama limeandikwa sawasawa.